Bustani bila sigara: marufuku tunayo, tatizo ni pingu

Tangu Ufaransa ilipopiga marufuku sigara katika bustani za umma, fukwe na vituo vya basi katikati ya mwaka 2025, wito umekuwa ukisikika hapa Kenya kwamba kaunti zetu nazo ziamke. Wanaoutoa wanaizungumzia Ufaransa kana kwamba imetuacha nyuma miaka mingi. Hawajaisoma vizuri sheria ya Wafaransa, wala hawajaisoma yetu. Kwenye karatasi, mvutaji wa Nairobi au Nakuru amebanwa kuliko mwenzake wa Paris kwa karibu miaka ishirini. Msimamo wangu ni kwamba kaunti zina haki, tena zina wajibu, wa kuziondolea bustani zao sigara na vepu, yaani sigara za kielektroniki. Ila sababu inayotajwa sana ndiyo dhaifu kuliko zote, na silaha tuliyoizoea, yaani kumkamata mtu na kumrusha kwenye lori, ndiyo iliyoigeuza marufuku tuliyo nayo kuwa mradi wa watu wachache.

Tuanze na hiyo Ufaransa. Amri yake inakataza sigara bustanini, ufuoni, kwenye vituo vya basi, na ndani ya mita 10 kutoka shule, maktaba, mabwawa ya kuogelea na viwanja vya michezo. Anayevunja anatozwa euro 135. Lakini meza za nje za mikahawa, mahali ambapo Mfaransa huvuta kuliko pengine popote, ziliachwa. Sigara za kielektroniki nazo ziliachwa. Kwa hiyo mtu anaweza kuketi na vepu yake katikati ya bustani, mtoto akicheza kando yake, asiulizwe na mtu. Miji mingine ilitangulia: New York iliziondolea bustani na fukwe zake sigara mwaka 2011, faini ikiwa dola 50, na kazi ya kusimamia ikapewa idara ya bustani badala ya polisi. Milan ilianza mwaka 2021 kwa kudai umbali wa mita 10 kati ya mvutaji na watu wengine, kisha mwaka 2025 ikaipanua kanuni hiyo hadi barabarani. Mexico ndiyo iliyokaza kamba zaidi, mwaka 2023, nchi nzima kwa mpigo. Mifano hii haifanani, na anayesema tu "tuige wenzetu" hajatuambia ni wenzetu gani.

Sasa turudi nyumbani. Kenya iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu udhibiti wa tumbaku mwaka 2004. Mwaka 2006 Waziri wa Afya wa wakati huo, Charity Ngilu, alitangaza kanuni za kuzuia uvutaji hadharani. Kampuni za sigara zikakimbilia mahakamani na kanuni zikasimamishwa. Wakati mawakili wakivutana Nairobi, baraza la manispaa la Nakuru lilijitungia sheria yake ndogo mwaka huohuo, na Nairobi ikafuata mwaka 2007. Bunge ndilo lililokuja nyuma, likapitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 iliyoanza kutumika mwaka uliofuata. Natilia mkazo mfuatano huu kwa sababu wapo wanaodhani kaunti zikijishughulisha na sigara zitakuwa zimeingilia kazi ya Serikali Kuu. Historia inasema kinyume: miji ilitangulia, taifa likafuata.

Sheria hiyo haikuishia kwenye ofisi, mahakama, hospitali, mikahawa na magari ya abiria. Iligusa hata mitaa, njia za miguu na baraza zinazopakana na maeneo ya umma, ndiyo maana wavutaji wa katikati ya jiji hujibanza kwenye vibanda vilivyotengwa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Linganisha na dola 50 za New York. Katiba ya 2010 ikaja ikaongeza nguvu: katika Jedwali la Nne, bustani za kaunti, fukwe na viwanja vya burudani vimewekwa wazi mikononi mwa kaunti, pamoja na udhibiti wa uchafuzi wa hewa na kero nyingine za umma. Gavana akikwambia hana mamlaka juu ya sigara bustanini, hajui kazi yake au hataki kuifanya.

Basi kama sheria ipo na mamlaka yapo, mbona hali iko hivi? Ingia Jeevanjee Gardens, katikati ya Nairobi, mchana wa siku ya kazi. Kwenye benchi moja kuna kijana anayesubiri kupigiwa simu ya kazi, kwenye nyasi kuna mama aliyetandika leso na mtoto anayejifunza kutambaa, pembeni mhubiri na kundi lake. Sigara haiko mbali. Nje ya bustani kama hii hukosi kibanda kinachouza sigara mojamoja, ingawa sheria inataka ziuzwe kwa pakiti isiyopungua sigara 10, na kiberiti cha gesi kimening'inizwa kwa uzi kwenye nondo za dirisha ili mteja awashe bila kununua chake. Anayewasha hapo anaingia nayo ndani. Akimaliza, kipisi anakikanyaga kwenye nyasi zilezile. Mtoto anayetambaa huokota kila anachokiona na kukipeleka mdomoni, na kipisi ni kidogo, kina rangi na kiko karibu na mkono wake. Kichungi chake si karatasi kama wengi wanavyodhani. Ni aina ya plastiki, hukaa miaka bila kuoza, na kinabaki na nikotini na sumu nyingine zilizonaswa humo wakati wa kuvuta.

Nimeanza na kipisi makusudi, kabla ya moshi. Hoja tunayoisikia zaidi ni kwamba moshi wa sigara bustanini unawaua wasiovuta. Moshi wa mvutaji mwingine unaua kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni moja wasiovuta hufa kila mwaka kwa sababu yake. Lakini wengi wa hao huuvuta ndani ya nyumba, kazini, ndani ya magari, mahali ambapo hewa haina pa kutokea. Nje mambo ni tofauti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipoupima moshi wa sigara katika maeneo ya wazi mwaka 2007, walikuta kwamba aliyekaa karibu kabisa na mvutaji, upande upepo unakoelekea, anaweza kupata moshi wa kiwango cha kutisha, sawa na wa ndani. Akisogea mita mbili hivi kiwango kinaporomoka, na sigara ikizimwa moshi unatoweka baada ya muda mfupi. Mwaka 2013 Ronald Bayer na Kathleen Bachynski wa Chuo Kikuu cha Columbia walizichunguza sababu zilizotolewa na miji ya Marekani kwa marufuku za bustani na fukwe, wakaona kwamba ushahidi wa madhara kwa wasiovuta ni mwembamba kuliko wanasiasa walivyodai. Lengo halisi, walisema, lilikuwa kuifanya sigara ionekane si jambo la kawaida, na viongozi waliona haya kulitaja lengo hilo waziwazi.

Mimi sioni haya kulitaja. Bustani ni mahali mtoto wa mjini anapojifunza watu wazima hufanya nini wakiwa wamepumzika. Akimwona kila aliyeketi kwenye benchi ana sigara kidoleni, anajifunza kwamba kupumzika na kuvuta ni kitu kimoja. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 11.6 ya watu wazima Kenya wanatumia tumbaku, wanaume wakiwa asilimia 19.1 na wanawake asilimia 4.5. Yaani karibu watu wazima tisa kati ya kumi hawaitumii. Jamii ambayo tayari haivuti ina kila sababu ya kubaki hivyo, na kuilinda hali hiyo ni rahisi kuliko kuirudisha ikishapotea, kama Wafaransa wanavyohangaika sasa. Ukweli huu unatosha. Hatuhitaji kumtisha mama wa leso kwamba moshi wa mita 30 utamuua mwanawe. Akija kugundua kwamba si kweli, hatatuamini hata tutakapomwambia ukweli kuhusu moshi wa chumbani kwake.

Wapinzani nao wana hoja zao, nyingine za maana, nyingine za kupotezea watu wakati. Ya kupotezea wakati kuliko zote ni ya kodi: eti kaunti zikizuia sigara zitajinyima mapato. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa Serikali Kuu peke yake mamlaka ya kutoza ushuru wa bidhaa na ule wa ziada ya thamani. Ushuru wa sigara huenda kwa KRA, mamlaka ya mapato ya taifa. Kinachoibakia kaunti ni kufagia vipisi na kuhudumia wagonjwa, kwa kuwa hospitali za kaunti ndizo zinazowapokea. Kama kuna ngazi ya serikali isiyo na cha kupoteza sigara ikipungua, ni kaunti. Wengine humtanguliza mkulima wa tumbaku wa Migori kama ngao. Marufuku ya bustani haimgusi mkulima huyo hata kwa ncha ya jembe, na huko Migori kwenyewe mashirika ya Umoja wa Mataifa yamekuwa yakiwasaidia wakulima kuhamia maharagwe.

Hoja ya moshi wa matatu ina uzito kidogo. "Unanihangaisha na sigara," mvutaji anasema, "wakati matatu hapo nje inatutemea sote moshi mweusi kutwa?" Nami nakubali kuwa anayekaa dakika tano kwenye stendi pengine amevuta uchafu mwingi kuliko anayekaa mita kumi kutoka kwa mvutaji. Hata Forodhani kule Unguja, jioni majiko ya mishikaki yakikolea, ukitafuta moshi wa sigara utautafuta sana. Lakini kosa la matatu halimpi mvutaji kibali. Linaipa kaunti kazi ya pili, na Jedwali lilelile la Katiba limeiwekea kazi zote mbili mezani. Ninachokubaliana nacho katika malalamiko haya ni kwamba kaunti hupenda kumshika mnyonge. Mvutaji yuko peke yake na hana chama. Matatu ina mwenyewe, na mwenyewe mara nyingi anajulikana.

Hapo ndipo tunapofika kwenye hoja nzito, ambayo wapenda marufuku wengi huipita haraka. Je, ukimfukuza mvutaji bustanini, anakwenda wapi? Mwenye nyumba Runda atatoka barazani kwake, miti imemzunguka. Anayeishi chumba kimoja cha mabati Mathare, pazia likitenganisha kitanda na jiko, akivuta ndani watoto watatu wanavuta pamoja naye usiku kucha, na huko ndiko moshi unakoua kweli. Kwa watu hawa bustani ndiyo baraza yao. Hilo Wangari Maathai alilielewa mwaka 1989 alipoisimamia Uhuru Park isijengwe jumba la ghorofa 60: aliona kwamba maelfu ya watu wasio na ua wala sebule hawana mahali pengine pa kunyoosha miguu jijini. Marufuku inayosukuma moshi kutoka uwanjani hadi chumbani ingekuwa hasara kwa afya, hata kama takwimu za bustani zingependeza. Siwezi kuipuuza hoja hii, na ndiyo iliyonifanya niache kuunga mkono marufuku ya kila shubiri ya ardhi. Bustani kubwa kama Uhuru Park, yenye hekta karibu 13, haikosi kona iliyo mbali na viwanja vya watoto, njia za watu na vibanda vya chakula, iwekwe pipa la mchanga na kibao. Mita 10 za Milan ni kipimo kizuri cha kuanzia. Bustani ndogo, na kila mahali penye bembea, pabaki safi kabisa. Anayetaka kuvuta anatembea dakika mbili. Anajua pa kwenda, na hana sababu ya kungoja afike nyumbani.

Inabaki silaha. Kila mkazi wa miji yetu anaujua mchezo. Askari wawili wasio na sare wamesimama karibu na lango au kona ya barabara, wakimtazama anayewasha. Hawamwambii azime. Wanamwacha avute mara mbili tatu, kisha mmoja anamshika mshipi wa suruali kwa nyuma. "Mzee, sheria unaijua?" Kinachofuata ni hesabu: faini inaweza kufika elfu hamsini, leo Ijumaa, korti ni Jumatatu, una ngapi kwenye simu? Mtu anayepata mia saba kwa siku atatoa elfu mbili alizokopa, ashukuru. Hakuna stakabadhi, hakuna kumbukumbu, na kaunti haioni senti. Tazama jinsi adhabu kubwa inavyofanya kazi hapa: kadiri faini rasmi inavyokuwa nzito ndivyo bei ya kuiepuka inavyopanda. Askari hana sababu ya kutaka sigara ipungue. Anaishi kwayo. Katika hali kama hiyo, kuongeza sehemu zilizokatazwa bila kubadili namna ya kuadhibu ni kumpanulia shamba.

Kwa hiyo sheria ndogo ninayoitaka ingeanza kwa kuondoa, ndipo iongeze. Kosa la kuvuta bustanini lisiwe na kukamatwa kabisa. Mhudumu wa bustani mwenye sare na namba ya kazi, si askari wa kuvizia, amwonyeshe mtu kona iliyotengwa. Akikataa, aandikiwe faini ndogo, tuseme shilingi 500, inayolipwa kwa simu moja kwa moja kwenye akaunti ya kaunti ndani ya wiki moja. Wapo watakaosema shilingi 500 ni mzaha. Mzaha ni elfu hamsini ambazo hazifiki kokote. New York haikuzisafisha bustani zake kwa kuogopwa, ilitegemea vibao, na watu wa kawaida wakapata ujasiri wa kumwambia jirani, "Ndugu yangu, hapa hairuhusiwi." Hapa kwetu mtu anaogopa kusema hivyo kwa sababu anajua akimwitia mwenzake askari amemwitia balaa isiyolingana na kosa. Waswahili hatupendi kumwingiza mtu matatani kwa jambo dogo, na sheria nzuri ingejengwa juu ya tabia hiyo badala ya kushindana nayo. Halafu kibanda kile cha langoni nacho kibanwe, maana leseni yake imetolewa na kaunti hiyohiyo.

Kuhusu vepu nitakuwa mfupi, ingawa najua ndizo zitakazoleta kelele. Wanaotaka ziachwe wanasema, kwa haki, kwamba vepu haichomi tumbaku na kwa mvutaji wa muda mrefu inadhuru kidogo kuliko sigara. Wataalamu wa afya wa Uingereza wamelishikilia hilo tangu 2015. Lakini Uingereza imeiunganisha vepu na huduma ya kuacha sigara: mvutaji anapewa kifaa na mshauri wa kumsindikiza. Sisi tunachukua ruhusa bila huduma. Vepu zinazoonekana mikononi mwa vijana wetu zina harufu ya embe na stroberi, na hazikununuliwa na wazee wanaoacha sigara. Uganda ilizikataza kabisa mwaka 2015, hata kuziingiza nchini. Kenya bado inajikongoja: sheria ya 2007 ilitungwa kabla hazijaenea, na mswada wa marekebisho uliofikishwa Seneti mwaka 2024 ndio uliokusudia kuzileta pamoja na vijaruba vya nikotini, vile vya kuweka mdomoni, chini ya udhibiti. Bustanini mimi naziweka kundi moja na sigara, kwa sababu ya mtoto anayetazama, na pia kwa sababu ya mhudumu, ambaye hawezi kuanza kunusa mvuke ili ajue ni wa nini.

Jambo la mwisho ni la kisheria, na watu wenye jazba hulidharau. Shisha ilipigwa marufuku nchini Desemba 2017 kwa tangazo la Waziri. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu iliiacha marufuku isimame lakini ikataka kasoro za utaratibu zirekebishwe. Hazikurekebishwa, na Januari 2024 mahakama ya Shanzu kule Mombasa ikawaachilia watu 48 waliokamatwa kwa shisha, ikisema kanuni hazikuwahi kufikishwa Bungeni inavyotakiwa. Miaka sita ya misako ikayeyuka asubuhi moja. Gavana atakayetangaza bustani zisizo na moshi kwa mkutano wa waandishi wa habari, bila bunge la kaunti na bila kuwasikiliza wananchi, wakiwemo wavutaji wenyewe, atawapa mawakili wa kampuni za sigara kazi nyepesi. Kampuni hizo hazichoki: kanuni za tumbaku za 2014 zilipingwa ngazi kwa ngazi hadi Mahakama ya Juu, na hazikupata utulivu hadi Novemba 2019.

Wawakilishi wadi wanaotaka kuliendesha jambo hili wana muda wa kutosha kabla ya kampeni za 2027 kuwameza. Mswada wao ukifika mezani, nitafungua kwanza ukurasa wa adhabu. Nikikuta bado kuna kifungu kinachomruhusu askari kumtia mvutaji mbaroni, nitaupinga, ijapokuwa sigara siipendi na sijawahi kuipenda.